Gunia la Shemeji

Mbaruku aliingia asubuhi kwa Mwanahawa, mjane wa kaka yake, kwapani ana gunia tupu. Alikuwa amesikia kwamba shemeji yake ameokota mtoto wa paka, na kwamba kila anayemgusa paka huyo anang'atwa.

"Mtie humu nikamtupe soko la samaki," alisema. "Paka asiyeshikika ni wa nini?"

Mikono ya Mwanahawa ilijaa alama za meno. Lakini alikwisha kumjua: ukimpapasa anauma, ukimwachia mkono ukatulia, anakuja mwenyewe kuunusa.

Mbaruku aliinama, akampindua yule paka, akaanza kumkuna tumbo. "Mbona mpole t—" Paka akaking'ang'ania kidole gumba kwa meno.

Mwanahawa akacheka, kwa mara ya kwanza tangu matanga.

"Paka hakubali kulala chali, shemeji."

Mbaruku alikichomoa kidole, kinavuja damu. Mkono mwingine akamwekea Mwanahawa begani. "Na wewe fungasha. Nyumba hii huiwezi peke yako. Utahamia kwangu, utatunzwa."

Mwanahawa aliutazama ule mkono, akaukazia macho mpaka ukashuka wenyewe. Kisha akaliokota gunia lililokuwa limemdondoka Mbaruku, akalitandika kizingitini. Paka akalikanda kwa kucha, akajikunja katikati yake.

"Nipe gunia langu, niondoke," alisema Mbaruku.

"Hilo hapo, shemeji. Lichukue."

Mbaruku aliinama, akanyoosha mkono. Paka akafumbua jicho moja.