Kikohozi cha Dada

Mwenye baa alisimama mbele ya madiwani kuipinga sheria ya kukataza sigara kazini.

"Waheshimiwa, mkifukuza moshi mmefukuza wateja. Hawa wahudumu wangu niliokuja nao watakula mawe?"

Nyuma yake mtu akakohoa. Kikohozi kile alikijua hata bila kugeuka. Kilikuwa cha dada yake, aliyemshikia kaunta tangu baa ilipofunguliwa, na ambaye hajawahi kutia sigara mdomoni.

Akageuka. Dada alikuwa amejiziba kinywa kwa aproni, mishipa ya shingo imemtoka, anajikaza asimharibie kaka yake maneno.

"Endelea, tunakusikia," mwenyekiti alisema.

"Dada, toa hiyo aproni kinywani," mwenye baa alisema, akamsogezea kipaza sauti.