Jibu la Swali la Tisa

Nusu saa tu ya mtihani wa taifa wa hisabati ilikuwa imepita, na darasa zima lilikuwa limeshaweka kalamu chini, isipokuwa Mwanahija. Alikuwa bado na swali la tisa: 3(x − 2) = 2x + 5.

Alifungua mabano, akahamisha namba, akapata x ni kumi na moja. Akarudia, ikaja ileile. Alipoinua kichwa, jicho lake likaangukia karatasi ya Chausiku, jirani yake wa kushoto: saba. Ya jirani wa kulia nayo: saba.

Jana, yeye alipokuwa hospitali akimuuguza mama yake, mwalimu wao aliwaita wanafunzi wengine wote shuleni na kujifungia nao darasani. Leo asubuhi hakuna aliyemtazama usoni. Sasa alielewa: walipewa majibu. Mwalimu alisahau kuzidisha ile mbili kwa tatu, nao wakalikariri kosa lake.

Msimamizi, mama wa makamo aliyetoka wilaya nyingine, alikuwa akipita dawati kwa dawati, akizidi kukunja uso. Kwa Mwanahija aliinama muda mrefu.

"Hili umelipataje, mwanangu?"

"Nimekokotoa, mwalimu."

"Na hiyo saba, wenzako wameitoa wapi?"

Mwanahija aliinamisha macho kwenye karatasi yake. Msimamizi akaenda mlangoni, akatia komeo, akarudi kusimama kando yake na kumwekea mkono begani.

Wenzake thelathini na tisa wakageuka, mmoja baada ya mwingine, wakamkazia macho Mwanahija, kana kwamba yeye ndiye aliyewachongea.