Mguu wa Kulia

Unga na sabuni vilikuwa vimeshashushwa kwenye gari. Yalibaki mabakuli, na Bi Mwanashehe, kiongozi wa akina mama walioleta msaada, alisema atayagawa mwenyewe. Watoto wa kituo cha walemavu walikaa mkekani wakisubiri.

"Tunapokea kwa mkono wa kulia," aliwakumbusha kila alipoinama.

Alipomfikia Siwema, msichana wa miaka kama mitano, alimnyooshea bakuli kabla hajamtazama vizuri. Siwema hakuwa na mikono. Aliinua mguu, msafi, uliopakwa mafuta, akatandaza vidole.

Bi Mwanashehe alilirudisha bakuli kifuani. Tangu utotoni aliambiwa kwamba kumpa mtu kitu mguuni ni kumdharau. Alimtazama mlezi amsaidie, lakini mlezi aliendelea kumfuta mtoto mwingine mate.

"Bibi, huu ndio wa kulia," Siwema alisema, akauchezesha uonekane. "Kwa wa kushoto sipokei vitu vya watu."

Bi Mwanashehe alikusanya kanga yake, akakaa mkekani, akampa.

Siwema aliliweka bakuli kando. Akavuta karanga kutoka kwenye sahani iliyokuwa mbele yake, akalibana ganda kwa vidole vya miguu mpaka likapasuka, kisha akaunyoosha tena mguu ule ule. Punje mbili zilikuwa zimekaa katikati ya vidole.

"Karibu, Bibi."

Nje gari lilishawashwa, na akina mama wenzake walikuwa wakimwita. Bi Mwanashehe alikinga mikono yote miwili.