Ndoo ya Kidawa

Siku ya kumi na tisa bila maji, Kidawa alikuja kuchukua ndoo yake. Mbele ya ofisi ya maji, ndoo tupu zilikuwa zimepangwa foleni hadi barabarani, kila moja ikimshikia mwenyewe nafasi kama bombani. Watu walikwenda kazini, maandamano yakabaki.

"Nimechoka, afande," alimwambia askari wa zamu. "Naondoka nayo."

"Chukua, mama! Nimeamriwa niwatawanye waandamanaji. Sasa ndoo unaitawanyaje? Ukianza wewe, wote watafuata."

Kidawa aliinyanyua, akaliona pengo. Akairudisha, akainyanyua tena, akairudisha.

"Kwani kwako maji yanatoka?"

Askari akageukia ukuta.

Kesho yake asubuhi, mwishoni mwa foleni kulikuwa na dumu tupu, namba ya kota za polisi imekwanguliwa nusu.