Mpishi Mpya wa Kambi ya Nkunga

Amna alikuwa ameshamenya nusu ya mkungu wa ndizi kabla mtu hajamwuliza jina.

Alifika asubuhi hiyo kwa bodaboda kutoka Kyimo, begi mgongoni, ukungu ukiwa bado umeufunika Mlima Rungwe. Dereva alimshusha kwenye lango la kambi ya vijana ya Nkunga, akageuza pikipiki, akaondoka. Jikoni Amna aliwakuta watu wawili: mama mmoja mnene mwenye sauti kubwa, Tupokigwe, mpishi mkuu, na kijana aitwaye Godwin aliyekuwa akipuliza moto.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye mpishi mpya. Nimetumwa na mjomba wangu, Kheri."

Tupokigwe alimtazama Godwin. Godwin akautazama moto.

"Marahaba, mwanangu," mama alisema mwishowe. "Kisu kile pale."

Tangu bibi yake Biubwa afariki, Amna alikuwa akiishi peke yake kwenye chumba cha kupanga, Tukuyu mjini. Kuna siku jua lilizama hajaongea na mtu isipokuwa muuza mkaa. Ndiyo maana mjomba wake alipompigia kutoka Mbeya kumwambia kwamba kuna kambi ya likizo huko mlimani inatafuta mpishi, alianza kupanga nguo kabla simu haijakatwa.

Kumbe kambi yenyewe ilikuwa ya kanisa. Amna aliingiwa na wasiwasi, yeye na hijabu yake katikati ya vijana wanaoimba mapambio tangu alfajiri. Lakini muda wa swala ulipofika, Tupokigwe alimfagilia kona ya stoo, na Godwin akasimama mlangoni kuwanyamazisha wanakwaya. Usiku ikaonekana magodoro ya wapishi ni mawili tu. Tupokigwe akajisogeza ukutani.

"Njoo huku. Kwa baridi hii ya Juni afadhali tubanane."

Siku moja Amna alikaanga maandazi ya iliki kama aliyofundishwa na bibi yake. Vijana walirudi kwenye foleni mara ya pili, wengine wamebadilishana makoti ili wasitambulike.

"Gwe Amna, ndaga fijo!" Tupokigwe alimshukuru kwa Kinyakyusa, halafu akajishika kiuno. "Sasa ndizi zangu atakula nani?"

Mashindano yakaanza hapo. Mama alileta ndizi zake za maziwa, Amna akajibu kwa maandazi, na Godwin, aliyejifanya mwamuzi, akala pande zote mbili na kukataa kutaja mshindi. Amna alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Hakukumbuka mara ya mwisho kucheka hivyo ilikuwa lini.

Kambi ilipofungwa, wote watatu waliteremka mlimani nyuma ya pikapu, masufuria yakigongana miguuni mwao.

"Desemba unarudi," Tupokigwe alisema. Hakuwa anauliza.

Amna aliitikia kwa kichwa. Kichwani alishaanza kuhesabu miezi.

Walipokaribia Kyimo mtandao ukashika, na simu yake ikaita. Alikuwa mjomba Kheri, na hata salamu hakutoa.

"Uko wapi wewe? Wenye kambi Isongole wamekungoja wiki nzima!"

"Isongole?"

"Si nilikwambia Isongole? Wameshachukua mtu mwingine!"

Amna aliishusha simu. Walikotoka ni Nkunga; Isongole ni kwingine kabisa. Alifikiria kunyamaza, nani angejua? Desemba si mbali. Kisha akamtazama Tupokigwe, aliyekuwa amejiegemeza begani kwake akisinzia, akashindwa.

"Mama, nisamehe. Nilipotea njia. Mimi si mpishi wenu."

Tupokigwe hakufumbua hata macho.

"Tunajua. Mpishi wetu mpya ni Godwin. Alifika siku moja kabla yako."

Amna alimgeukia Godwin, akamkuta ameziba mdomo kwa mkono, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Kambini kwetu hatuambiani," Tupokigwe alisema. "Hata mimi nilikuwa naenda Isongole, mwanangu. Huu mwaka wa sita."