Pampu ya Dhahabu

Katikati ya bustani ya jiji, kwenye maonyesho ya bure ya msimu wa joto, watu walikuwa wanapanga foleni kupiga picha na pampu yetu ya maji.

Ilikuwa imepakwa rangi ya dhahabu, ikasimamishwa juu ya jukwaa na kibao chenye jina: KIU. Mwanzoni nilidhani ni nyingine inayofanana nayo. Nikasogea. Mpini ulikuwa umefungwa gidamu ya ndala, ile niliyoifunga mwenyewe ili chuma kisituchubue viganja. Hata gidamu yangu wameipaka dhahabu!

Miezi mitatu iliyopita watu wa jiji walikuja mtaani kwetu na gari, wakasema wanaipeleka kwenye matengenezo. Tangu siku hiyo tunavuka barabara kuu na ndoo kichwani, mimi na wifi yangu huyu niliyekuja naye, naye ana mimba ya miezi minane. Kumbe matengenezo yenyewe ndiyo haya.

Niliushika mpini.

"Mama, hairuhusiwi kugusa," mlinzi alisema. "Hiyo ni sanaa."

"Sanaa? Sisi tukiigusa ilikuwa inatoa maji!"

"Mimi nimewekwa tu hapa, mama yangu. Piga picha, ni bure."

Bure! Niliinama nikachungulia chini. Nati nne tu ndizo zilizoishikilia.

"Wifi," niliita, "nenda kwa yule fundi baiskeli pale getini, mwombe spana namba kumi na saba."

Mlinzi alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akanipa mgongo.

"Kumi na tisa," alisema.