Cheti cha Mwalimu Makame

Kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, Mwanakheri alikwama. Alikuwa akiunda upya kiini cha mfumo wa kompyuta inayofuatilia mapigo ya moyo katika wodi ya watoto wachanga, na kila alipojaribu, kazi ilisimama ikidai cheti cha sahihi, yaani faili la kuthibitisha mfumo, cha Mwalimu Makame, fundi aliyemfundisha kabla ya kustaafu. Cheti hicho hakikuonekana popote.

"Fanya hima, dada," alisema muuguzi Tabia mlangoni. "Mapigo ya moyo tunayahesabu kwa mkono, na mtoto mmoja hali yake si nzuri."

Mwanakheri akampigia mwalimu wake.

"Shikamoo, Mwalimu. Kile cheti chako ulikihifadhi wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Cheti cha ndoa?"

"Cha kompyuta, Mwalimu. Za hospitali."

"Kwani mimi nilifanya kazi hospitali?"

Mwanakheri akaiweka simu mezani, akafungua faili la mipangilio, akalifuta jina la Makame herufi moja moja, mpaka zikabaki alama za nukuu tupu, ili kompyuta isidai tena cheti chake. Akabonyeza. Safari hii kompyuta haikugoma. Mistari ya maandishi ikaanza kupanda kiooni, kazi ikiendelea.

Simuni, mzee bado alikuwa akiuliza kwa adabu anazungumza na nani.